Jaji Aliyekataa Kuku

Watu wakinisikia nikisema kwamba ninazikumbuka siku za vita kwa hamu, hunitazama kama mtu aliyepungukiwa. Wanitazame tu. Sikumbuki bunduki kwa hamu, Mungu anisamehe. Ninakumbuka asubuhi za shamba la mama yangu pale Beni, ambazo bahati yake mbaya ni kwamba zilikuja pamoja na bunduki, nami siwezi kuzitenganisha kama mtu anavyochambua maharagwe na mawe.

Lilikuwa shamba la mapapai, lakini si mapapai ya kula. Kwetu papai lilikuwa kitu cha kuchanja. Likiwa bado kijani na gumu, mama alilipitishia mistari myembamba kwa wembe uliofungwa kwenye ncha ya fimbo, na utomvu mweupe ukadondoka juu ya plastiki tuliyoifunga kuzunguka shina. Ilikuwa lazima kuamka mapema, kwa kuwa jua likishapanda utomvu hugoma kuteremka. Tulitembea katikati ya miti miguu imelowa umande, mama mbele na fimbo yake, mimi nyuma na ndoo, akiimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya mtu asiyejua kuimba na asiyejali. Tulichokwangua tulikikausha katika tanuri ya udongo ambayo baba aliijenga nyuma ya jikoni, mpaka kikawa kama makombo ya mkate. Wanunuzi walikiita papaine. Kilikwenda Ulaya kutiwa katika dawa na, wengine walisema, katika pombe ili ing'ae.

Habari ya pombe ilimchoma baba. Alikuwa seremala, na zaidi ya useremala alikuwa mzee wa kanisa letu la Kiprotestanti, mtu wa kushusha mikono ya shati mpaka kwenye kifundo na kufunga kifungo cha shingo hata kwenye joto la Beni.

"Mi niko mukubwa wa kanisa," alisema, "na jasho ya bibi yangu inaenda kung'arisha pombe ya Bazungu?"

"Siye tunauza maziwa ya papayi," mama alimjibu. "Kule banaipeleka, ni roho yabo."

Utomvu ule unakula ngozi. Ncha za vidole vya mama zilikuwa laini kama sabuni iliyotumika, na aliponishika kidevu kunikagua kama nimenawa, nilihisi ulaini ule. Mpaka leo mtu akinishika kidevu kwa vidole vyenye mikwaruzo ya kawaida, naona kama kuna kitu kimekosekana.

Lakini utamu wenyewe wa kazi ile ulikuwa siku ya mauzo. Wanunuzi walipanda kutoka mjini na wengine wakateremka kutoka Butembo, kila mmoja na mizani yake, kila mmoja akiapa kwamba mwenzake ni mwizi. Mama aliwaketisha wote pamoja kwenye benchi moja, makusudi kabisa, akawapa ndizi za kuchoma, kisha akarudi jikoni kuosha sufuria ambazo zilikuwa safi. Alijua kwamba mnunuzi akiachwa akae karibu na mshindani wake, bei hupanda yenyewe kama unga uliotiwa chachu. Nilimsikia akicheka peke yake kule jikoni. Alipotoka, uso wake ulikuwa mkavu kama wa mfiwa, na mtu aliyempa bei nzuri alionekana kama amemwonea huruma. Sijawahi kuona mwalimu wa biashara aliyemfikia.

Halafu ikaja kampuni. Ilikuwa kampuni ya Ulaya, ya nchi moja ambako wanasema Kifaransa, na bwana mkubwa wake alikuwa mzungu mrefu wa suruali ya kaki, mwenye kusalimia kila mtu kwa mikono miwili. Wakati huo mji ulikuwa chini ya waasi, na waasi walikuwa na ofisi za kila kitu: ofisi ya barabara, ofisi ya mifugo, ofisi ya mazao. Mkuu wa ofisi ya mazao tulimwita Chef, kama tulivyomwita kila mtu mwenye walinzi. Alikuwa anajenga nyumba na kuta zilikuwa zimesimama muda mrefu bila paa, mpaka majani yakaota ndani.

Basi siku moja lori la kampuni likashusha mabati ya bluu kwenye nyumba ile, manjanja kama tunavyoyaita kwetu, mapya, yakiwa bado na karatasi katikati. Na fundi aliyeitwa kuyapigilia alikuwa baba yangu. Baba alifikiri ni kazi kama kazi nyingine. Alikata viraka vya mpira wa tairi akaviweka chini ya kila msumari ili mvua isipite, maana ndivyo alivyoezeka kila paa, liwe la tajiri au la mjane. Mzungu wa kampuni alisimama chini akimwelekeza, na malipo yake baba aliyapokea kwenye ofisi ya kampuni, si kwa Chef.

Alipigilia msumari wa mwisho Jumamosi. Jumatatu ikatoka amri: utomvu wote wa Beni utanunuliwa na kampuni ile peke yake. Askari walipita wakanyang'anya mizani ya wanunuzi wengine na kumpiga mmoja wao, mtu wa Masereka aliyekuwa akinifundisha mafumbo nilipokuwa mdogo. Tangu siku hiyo mama alibeba mzigo wake mwenyewe mpaka kwenye bohari ya kampuni, akapanga mstari, na bei aliikuta imeshaandikwa ubaoni kwa chaki. Benchi letu lilibaki uwanjani bila mtu. Mama aliacha kuimba shambani, na hakutwambia kwa nini, nasi hatukuuliza.

Kila mtu mjini aliliona paa lile. Nani alilitoa, watu walinong'ona. Kusema hadharani hakuna aliyethubutu. Baba alijua, kwa kuwa mikono ilikuwa yake. Kwenye ibada alianza kuketi karibu na mlango. Sikupenda kumwona pale.

Mimi wakati huo nilikuwa nimeshakuwa mwalimu Butembo, nikirudi shambani kila likizo, na nilipanga chumba na sebule katika mtaa wa Vulamba. Serikali haikulipa walimu, wazazi wa wanafunzi ndio waliotulisha, na mtu akinipa kazi ya pembeni sikumuuliza maswali mengi. Ndivyo mchungaji wetu alivyonitafuta. Alisema kuna mgeni kwenye nyumba ya wageni ya kanisa, mama wa Kizungu, anahitaji mtu wa kutafsiri Kifaransa, Kiswahili na Kinande chetu, na awe mtu mwenye mdomo mzito.

"Mdomo wangu si mzito," nilimwambia.

"Utaufanya mzito," alisema.

Nilimkuta amejifunika mablanketi mawili. Alikuwa ameleta nguo za Afrika aliyoiona kwenye picha, na Butembo ikampokea kwa ukungu wake na upepo wa mikaratusi, meno yakawa yanagongana. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mafua, na karani wake kijana alikuwa na mafua makubwa zaidi. Alikuwa jaji mpelelezi. Hakuja na askari wala barua ya waasi. Alipitia mpakani Kasindi kama mgeni wa kanisa, maana karatasi za serikali ya Kinshasa kwetu wakati huo zilifaa kufungia karanga.

Alinieleza kazi yake taratibu, akipenga kamasi. Nchini kwao ilikuwa imetoka sheria kwamba kampuni yao haina ruhusa kumpa kiongozi wa nchi nyingine kitu chochote ili ipate biashara. Haijalishi ni wapi kitu kilitolewa. Mtoaji atashtakiwa nyumbani. Kampuni ya utomvu ilikuwa inachunguzwa, na kampuni ilikiri kwamba mabati ilitoa, lakini kwa zahanati ya akina mama wajawazito. Walileta hata picha. Akanionyesha. Ilikuwa nyumba ya Chef, na ukutani wamebandika msalaba mwekundu.

Nilicheka mpaka karani akaacha kupenga kamasi. Kisha nikakumbuka fundi ni nani, kicheko kikanikauka.

"Nahitaji mtu aliyeliezeka paa hili," alisema jaji. "Bila yeye, picha yao inashinda."

Nilishuka Beni mwisho wa juma. Njiani kila kizuizi kilikuwa na kamba na askari mwenye njaa, na lori la kampuni lilitupita pale likipigiwa saluti. Nyumbani nikawaeleza wazazi wangu sheria ile ya ajabu. Baba alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kama anavyosikiliza kesi za ndoa kanisani.

"Donc, mwenye kutoa banamufunga kwabo," akasema. "Na mwenye kupokea?"

"Mwenye kupokea iko chini ya sheria ya huku, papa."

"Na sheria ya huku njo nani?"

Nikafikiri kidogo. "Njo Chef."

Baba hakucheka mara nyingi, lakini siku ile alicheka hadi akafungua kifungo cha shingo. Mama hakucheka hata kidogo. Alinigeukia mimi.

"We mutoto, unataka kutuua? Papa yako akisema, ile kampuni itafunga na kuenda. Ni bo tu banabakia kununua. Nitachanja papayi nikamuuzie nani, Yesu?"

"Mama, mbele ya mutoto," baba alimkanya.

"Mutoto njo ameleta maneno."

Alikuwa na haki, na hilo liliniumiza kuliko kelele zake. Kampuni ilimdhulumu kila juma, na kampuni ilikuwa mnunuzi wake pekee. Ada ya wadogo zangu ilitoka palepale. Na zaidi ya biashara, Chef alikuwa na watu wa kuja kugonga mlango. Baba hakusema atafanya nini. Alikwenda kwenye banda lake akaanza kupiga randa ubao ambao hakuna aliyeuagiza.

Juma lililofuata waliingia Butembo wote wawili. Baba alisema anakwenda kwenye mkutano wa wazee wa kanisa, na mama alisema anakwenda kununua viazi vya Musienene. Ukweli ni kwamba baba alikuja kusema na mama alikuja kumzuia. Chini ya kwapa la baba kulikuwa na kuku mwekundu, mtagaji bora wa nyumba yetu, amefungwa miguu kwa uzi wa mgomba. Mtu akija kwako kutoka mbali, huanzi kwa maneno. Unaanza kwa kuku. Kuku husema kwamba moyo wako ni mweupe, na baada ya hapo maneno yanapata mahali pa kukaa. Hata sikuwaza kumwambia asimlete. Ningemwambia asivae viatu?

Tuliingia sebuleni kwa jaji. Baba alisalimu, akainama kidogo, akamnyooshea kuku kwa mikono miwili.

Jaji aliangalia kuku, akamwangalia karani, karani akaangalia dari.

"Mwambie ninamshukuru sana," alisema, "lakini siwezi kumpokea. Yeye ni shahidi. Nikipokea kitu kutoka kwa shahidi, hata yai, watetezi wa kampuni watasema nimehongwa, na ushahidi wote utatupwa."

Nilitafsiri. Nilijaribu kulainisha, lakini Kinande hakina namna laini ya kumwambia mtu mzima kwamba kuku wake amekataliwa. Baba alibaki na mikono imenyooshwa. Kuku akanya kwenye sakafu ya kanisa. Karani akakimbilia karatasi za kufutia, na hakuna aliyecheka, ingawa siku nyingine ningecheka hadi machozi.

Baba alimrudisha kuku kwapani. "Mugeni hapana kamata kuku yangu," aliniambia kwa sauti ndogo, "atakamata maneno yangu namna gani?" Akaaga kwa heshima zote, akatoka. Jaji aliniuliza amesema nini. Nilimwambia. Aliweka mikono usoni.

Kule Vulamba baba aliketi kwenye kiti changu kimoja chenye mgongo, kuku bado kwapani. Nilikuwa na hasira na wote. Nilimkasirikia jaji kwa sheria yake isiyojua kuku, na nilimkasirikia baba kwa kuku wake asiyejua sheria. Nilitegemea mama afurahi, maana alichokitaka kimepatikana bure: baba hatasema, kampuni itabaki. Badala yake mama alikuwa amesimama mlangoni na viazi vyake, ananiuliza.

"Alikataa? Wazi?"

"Wazi, mama. Hata yai."

"Na alikuwa anaona ni kuku nono?"

"Alimwona."

Mama aliweka viazi chini. Alikuwa mfanyabiashara, na mfanyabiashara anapima watu kwa kile wanachokiacha mezani. "Papa," akamgeukia baba, "ile Chef ya Beni, alikataa kuku ya nani? Nitajie moja tu. Hata kifaranga."

Baba akamlaza kuku magotini.

"Mukono mutupu haulambwi, njo tumezoea vile. Chef analamba, basoda na bunduki yabo banalamba, na siye tunaendelea kuileta. Leo umeona mutu mwenye anaogopa kuku, na wewe umekasirika! Mi namuheshimu. Mutu anakataa kuku na baridi kama hii?"

"Mais amenirudisha na kitu mukononi," baba alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumia, si ya mtu mwenye kiburi. "Mbele ya mutoto yangu."

"Alikurudisha na kuku. Hakukurudisha na haya." Kisha akanitazama mimi. "Batu bakiwa banakula, na mutu akapita, siye tunamufanya nini?"

"Tunamwita akule."

"Ile ni zawadi?"

"Hapana. Ni kukuta watu mezani."

"Basi kesho saa sita tutakuwa tunakula," mama alisema, akamchukua kuku kutoka kwa baba, naye baba hakuzuia. "Umuambie tu kama saa sita njo saa yetu."

Nilimweleza jaji desturi ile jinsi ilivyo: kwetu mtu akikukuta unakula haachwi amesimama, awe rafiki au mdai, na hakuna anayemdai kitu baadaye. Alishauriana na karani muda mrefu. Aliuliza kama chakula kitapikwa kwa ajili yake. Nikamwambia chakula kinapikwa kwa ajili ya baba yangu, ambaye safari imemchosha. Aliuliza kama watu wengine hupita pia. Nikamwambia siku ya kuku hupita mtaa mzima. Alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, lakini nadhani siku ile jaji alianza kuifungua yake.

Akapita. Alikuwa mwigizaji mbaya kuliko wote niliowaona: alisimama mlangoni na blanketi mabegani, akasema kwa Kiswahili alichokikariri kwamba amekuja kuniuliza neno moja la kutafsiri. Karani nyuma yake alikuwa amechana nywele. Majirani wawili walikuwa tayari wameshakaa, maana harufu ilikuwa imewaita kabla yake. Mama akapiga kelele kama mtu aliyeshtushwa.

"Ah! Umetukuta mezani! Karibu, karibu, ukae."

Tulikula bugali na kuku na sombe, kisamvu cha kwetu, sahani zikipokezana, mvua ya Butembo ikipiga mabati. Jaji alikula kwa mkono na kuchafua blanketi. Mama alimwonyesha namna ya kukandamiza bugali kwa kidole gumba, na nilimwona jaji akivitazama vidole vile laini, kisha akaniuliza polepole vimefanywa nini. Nikamwambia. Akavitazama tena.

Halafu baba akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Firigisi nyumbani kwetu ilikuwa ya baba. Tangu nizaliwe sikuwahi kuiona katika sahani nyingine. Aliichukua kutoka kwenye bakuli, akaikata vipande viwili kwa kisu chake, akala kimoja, na kingine akakiweka mbele ya jaji. Mama alishusha macho haraka, lakini nilikuwa nimeshaona machozi yake. Jaji hakujua alichopewa. Alikitafuna kwa shida, akasema ni kitamu. Nilikuwa na furaha kiasi kwamba niliogopa kuongea, na kama ningepewa ruhusa ya kurudia mchana mmoja tu wa maisha yangu, ningeurudia ule, na mvua yake, na majirani wale wasiojua kilichokuwa kinatendeka.

Asubuhi yake baba alirudi kwenye nyumba ya wageni mikono mitupu, na kifungo cha shingo kimefungwa. Alionyeshwa picha.

"Hii ni dispensere?" aliuliza. "Dispensere gani iko na kitanda kimoja? Ile kitanda nilitengeneza mimi. Analala Chef na bibi yake." Kisha akasema yote, bila kuongeza na bila kupunguza: lori, mabati, mzungu aliyesimama chini akimwelekeza, ofisi aliyolipwa, msumari wa Jumamosi na amri ya Jumatatu. Karani aliandika. Baba aliposomewa maneno yake kwa Kifaransa na mimi kuyarudisha kwa Kiswahili, alisahihisha mahali pamoja tu: karani alikuwa ameandika kwamba paa lilijengwa vibaya kwa haraka. Baba alikataa katakata. Rushwa ni rushwa, alisema, lakini paa halivuji.

Mama naye aliomba kusema. Jaji alimwambia hakuwa kwenye orodha ya mashahidi. "Mapapayi ni yangu," mama alisema, "mikono ni yangu. Bei, ni ya nani?" Jaji alinitazama nimtafsirie, nikatafsiri, naye akamwambia karani aandike na hilo.

Wakaondoka. Muda ukapita, vita navyo vikabadilika sura. Chef hakuja kugonga mlango wetu. Wakubwa walipogawana serikali mpya, yeye alipanda ndege kwenda Kinshasa kupewa cheo kikubwa zaidi, na paa lake la bluu likapangishwa. Baba alirudi kuketi mbele kanisani. Hakuna aliyemwambia aende wala arudi, alirudi mwenyewe, na mimi niliyekuwa nimekuja kwa likizo niliimba siku ile kwa sauti mbaya kama ya mama. Mama mwenyewe aliendelea kuchanja. Kisha bohari ya kampuni ikafungwa bila tangazo, mlinzi akaondoka na kufuli, lakini hata hapo hakuacha. Wanunuzi wa zamani walikuwa wametawanyika au wameingia biashara nyingine. Yule wa Masereka alikuwa amekufa. Magunia ya utomvu yalijaa chumba cha wadogo zangu, yakatoa harufu kali, na kila asubuhi fimbo yenye wembe ilitoka tena.

Nilikuwa Beni likizo nyingine simu yangu ilipolia. Alikuwa jaji. Sauti yake haikuwa na mafua. Alisema hukumu imetoka: kampuni imepatikana na hatia, imetozwa faini, bwana mkubwa amefungwa. Maneno ya baba yalisomwa mahakamani, na yale ya mama pia, na watetezi walijaribu kuuliza habari ya kuku wakashindwa. Nilimtafsiria baba palepale uwanjani. Alivua kofia kama anayesikia sala.

Mama alikuwa anakwangua plastiki. Alinyoosha mgongo akaniuliza.

"Na ile faini, inaenda kwa nani?"

Nikauliza. Ilikwenda kwenye hazina ya nchi yao.

"Sawa. Ni inchi yabo," alisema. Alifuta mikono. "Sasa umuulize mununuzi mwingine banamutuma lini."

Nilimuuliza jaji. Akasema hiyo haikuwa kazi ya mahakama, na kwamba anasikitika, na alisema anasikitika kwa sauti ya mtu anayesikitika kweli. Sikumpunguzia mama hata neno.

"Umuambie wasingya," mama alisema, kumshukuru kwa Kinande, naye akaingia ndani.

Alitoka na panga. Mpapai ni mti dhaifu, haukusumbui. Unaupiga, unaupiga tena, unalala. Alianza na mstari wa karibu na nyumba, bila hasira, kama anayevuna. Maziwa yalimwagika kwenye majani bila mtu wa kuyakinga. Baba alimfuata, akasimama pembeni yake.

"Mama," alisema, "kama ningenyamaza, hii miti ingesimama."

Mama hakuacha kukata. "Kama ungenyamaza," alimjibu, "leo njo wewe ningekuwa nakata."

Baba alicheka, akaenda kutafuta panga la pili. Mimi nilibaki uwanjani na simu mkononi, nikalia kwa ajili ya asubuhi zile, kwa sababu nilikuwa ninaziona zikiisha mti baada ya mti.